Mikono ya Mativo na Kahawa Tungu

Mwaka 1978 Mativo alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Tangu ujana alichonga swala wa mpingo katika karakana moja ya Majengo, Pumwani, na wanunuzi walimjua kwa miguu ya wale swala, myembamba kama kalamu. Mwaka huo miguu ilianza kumvunjikia mikononi.

Mkono wa kulia ulitetemeka. Usingizi ulipungua, na moyo ulimwenda mbio hata akiwa ameketi. Hakumwambia mtu. Baba yake alitetemeka vivyo hivyo kabla ya kufa, na Mativo aliamini zamu yake imefika. Akaacha swala, akaanza kuchonga vijiko, kazi ya wanaojifunza.

Mkewe, Koki, aliviona vile vijiko.

“Swala wamekwenda wapi?”

“Wateja wanataka vijiko.”

“Nyosha mkono niuone.”

Akaunyosha. Kesho yake wakaenda kliniki pamoja.

Daktari Nerima alimpima presha, akausikiliza moyo.

“Baba, unakunywa pombe?”

“Mimi ni mtu wa kanisa. Lakini marehemu baba yangu pia alitetemeka.”

“Akiwa na miaka mingapi?”

“Sabini na kitu.”

“Wewe bado. Chai je?”

“Kahawa tu. Ya Shamso.”

Shamso, muuza kahawa, alipitisha birika la kahawa tungu, kali na isiyo na sukari, karakanani tangu asubuhi hadi jioni. Daktari alipouliza ni vikombe vingapi kwa siku, Mativo alikisia, kwani hakuwahi kuhesabu.

“Vikombe kumi na tano. Pengine ishirini. Ni vidogo!”

Koki alimtazama mumewe kana kwamba ndiyo kwanza wanajuana.

Nerima hakumpa dawa. “Punguza kidogo kidogo hadi viwili, vyote asubuhi. Urudi baada ya mwezi. Ukiwa bado unatetemeka, tutatafuta sababu nyingine.”

Mativo aliacha kahawa yote siku hiyo hiyo. Kwa siku tatu kichwa kilimgonga, akawagombeza wenzake, akalala juu ya maranda mchana kweupe. Siku ya nne Koki alimpikia kikombe kimoja cha kahawa. Kabla ya saa kwisha, kichwa kilitulia. Tangu hapo alifuata maneno ya daktari, na Shamso akawa anamwekea chai ya tangawizi.

Wiki ya tatu alichonga swala. Mguu wa nne ukakatika. Akachukua gogo jingine. Huyu wa pili alisimama, na Mativo akamtazama kwa muda mrefu kabla ya kuanza kumpiga msasa.

Alichonga miaka tisa zaidi, hadi macho yalipochoka, kisha akarudi kwao Machakos kulima.