Kitanda cha Mkwe

Mama mkwe wangu huita ukingo wa maji yoyote makubwa "pwani". Bahari hajaiona. Kwa hiyo mke wangu alipomwambia kwamba Jumapili tungempeleka kwenye Bwawa la Hombolo, aliwatangazia majirani zetu wa Makole kuwa anakwenda pwani na wasimsubiri kwa chai.

Alikuwa ametoka Chemba kwa ajili ya macho. La kulia lilikuwa limekwisha kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na linaona vizuri. La kushoto daktari alitaka alifanyie baada ya wiki chache, lakini mwenyewe alitaka kurudi kwake. Jicho moja linatosha kuona kuku, alisema. Mke wangu anamjua mama yake, hakubishana. Alipanga tuzunguke ukingo wa bwawa kutwa nzima, mama auone ulimwengu kwa jicho jipya, na jioni njiani amwombe abaki mpaka la pili lifanyiwe.

Gari lilikuwa kombi yangu. Ni ya zamani, injini iko nyuma na hupozwa kwa upepo, si kwa maji. Hili hulazimika kulieleza kila ninaposimama penye watu, maana hakosekani mtu mwema mwenye dumu anayetafuta rejeta. Wenyewe wa kwanza waliigeuza gari la kusafiria na kuishi. Ina kabati, jiko dogo la gesi, na kiti cha nyuma ambacho ukivuta mkono wa chuma kinalala na kuwa kitanda. Niliikuta imekufa uani kwa mtu, nikaifufua kwa msaada wa kitabu na kamusi. Hakuna bolti ndani yake nisiyoijua.

Adabu ya ukweni kwao ni kali kuliko ya kwetu. Mama mkwe hanitazami usoni, hatuli pamoja, na akiwa na neno nami hulipitisha kwa binti yetu anayesoma sekondari. Binti ameizoea kazi hiyo, ila huifanya apendavyo.

"Mwambie baba yako haya mawe yatatupasua," mama mkwe alisema tulipoacha njia kuu na kuanza kufuata maji.

"Bibi anasema unaendesha vizuri, Baba."

"Mke mwenzangu, we mwongo! Ndiyo maana babu yako alinipenda mimi."

Upande tulioupita hauna mchanga. Ni majabali, mengine yameingia majini hadi kiunoni, na njia inapenya katikati yake, inashuka mpaka tairi ziguse tope kisha inapanda ghafla. Nilikwenda kwa gia ya kwanza, nikishuka kila mara kupima upana kwa hatua. Kombi haikulalamika hata mara moja. Juu ya mwamba mmoja tulisimama, mama mkwe akateremka, akajiziba jicho la kulia kwa kiganja.

"Kwa hili ni pwani, maji hayana mwisho," alisema. Akahamisha kiganja. "Kwa hili ni bwawa tu. Naona mpaka mbuzi wa ng'ambo."

Mke wangu alinikonyeza. Mambo yalikuwa yanakwenda.

Mchana tulinunua perege kwa wavuvi na zabibu kwa mama aliyepita na beseni. Wao walikula kivulini mwa gari, mimi nyuma ya jabali. Niliwasikia wakicheka. Kisha binti akaja.

"Bibi anauliza, gari lina kabati, lina jiko. Sasa wenyewe walikuwa wanalala wapi?"

Tangu niifufue kombi ile, hakuna aliyewahi kuniuliza swali zuri kama hilo. Nilinawa, nikaenda, nikafungua mlango wa ubavuni na kuvuta mkono wa chuma. Kiti alichokuwa amekalia tangu asubuhi kilijinyoosha taratibu, bila mlio, kikawa kitanda cha watu wawili.

Mama mkwe alijifunika uso kwa kanga.

"Kuna mtu hukilalia?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Baba," binti alijibu kabla hatujamzuia. "Jumamosi mchana, akichoka kutengeneza. Anakoroma hasa."

Nilielewa wakati huohuo. Kwao mama mkwe hakalii kitanda cha mkwe wake. Hata chumba chenye kitanda hicho haingii. Mimi nilikuwa nimemkalisha juu yake kuanzia Makole, kisha nikamwonyesha kwa madaha.

Alizungumza na mke wangu kwa lugha yao, ile ya kugonga ulimi ambayo sijaweza kuitamka. Mke wangu alinitafsiria akiwa ameinamisha kichwa. Mama hapandi tena. Apigiwe bodaboda, imfikishe barabarani, na akifika mjini achukue basi la Chemba. Aibu hii akaimalizie kwake.

"Na jicho?" niliuliza.

"Hakulitaja."

"Bibi akae mbele," binti alisema.

"Bega kwa bega na mkwe? Afadhali kitanda," mke wangu alijibu. Yeye mwenyewe hana leseni, na njia ile si ya kujifunzia.

Nilikitazama kitanda kama ninavyotazama chochote kilichoharibika. Kinachokifanya kiwe kitanda ni bawaba mbili. Bila bawaba, egemeo halilali. Nilitoa sanduku la spana, nikaingia chini ya kiti. Nilifungua bawaba zote mbili, nikasimamisha egemeo na kulikaza kwenye fremu kwa bolti nne za akiba. Magodoro niliyafunga juu ya keria. Juu ya mbao tupu mke wangu alitandika mkeka waliokuwa wameukalia wakila. Kisha nilivuta mkono wa chuma kwa nguvu zangu zote, mama mkwe akitazama kwa pembeni ya kanga. Kiti hakikutikisika.

"Muulize baba yako, tukifika mjini atakirudisha?"

Sikumngoja binti. Niliziweka bawaba juu ya jiwe karibu naye, nikarudi nyuma. Alizipima uzito kwa mkono, akazifunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili. Halafu akapanda, akagonga mbao kwa vidole.

"Benchi," alisema.

Tulirudi kwa njia ileile, jua likiwa mgongoni mwa vilima. Tukafika lami. Hapo mke wangu akauliza, kana kwamba anauliza habari za chumvi, "Na siku ya hospitali, Mama, utapanda gari gani?"

"Hilihili. Si nina bawaba zake?"

Jicho la kushoto lilifanyiwa upasuaji na likapona vizuri. Alipoaga, nilidhani angenirudishia vyuma vyangu, nami sikuuliza. Mke wangu alipokwenda kumtembelea alivikuta. Vimeshika mlango wa banda la kuku, vimepakwa mafuta, na mlango hauna mlio. Kombi yangu sasa ina benchi. Jumamosi nalala chini ya mti.