Mbele ya Redio Nilisimama Mimi

Shule niliiacha darasa la tatu, lakini spika ninazokodisha kwa arusi hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale nilizitengeneza mwenyewe, kwa mbao na waya. Kwa hiyo mtu asidhani nilikwenda Mbarara kujifunza u-DJ kwa sababu ya njaa. Binti yangu alikuwa anaolewa, na alitaka kuingia arusini kwa sauti ya mama yake.

Mama yake alikufa mtoto akingali wa mgongoni. Sauti yake imebaki fasi moja tu: kaseti ya kwaya ya kanisa letu, tuliyorekodi kwetu Kivu, Kongo, kabla hatujakimbia. Kaseti yenyewe sauti yake iko chini, kama watu wanaimba nyuma ya ukuta. Nyimbo za siku hizi zinapiga kelele. Ukizifuatanisha bila kuzilinganisha, kwaya ikianza wageni wanafikiri umeme umekatika.

Mwalimu wangu alikuwa mke wa askari wa kambi ya jeshi ya pale Mbarara, mpiga muziki wa sherehe, mwanamke wa mdomo mkali. Aliihamisha kaseti kwenye flashi, akanivika hedifoni.

"Muzee, kila wimbo iko na kitufe yake ya sauti. Sikiliza kwanza wewe peke yako, linganisha, halafu fungulia watu. Taa ya kijani, sawa. Nyekundu, hapana."

"Spika nimezijua wewe hujazaliwa."

"Spika unajua, ssebo. Masikio ya watu bado. Unafungua kama mnada ya ng'ombe!"

Nikajifunza. Wimbo mpya nauteremsha, kwaya naipandisha, mpaka taa zinacheza palepale nikihama kutoka huu kwenda ule. Siku nilipoweza, kwaya ilijaa chumba kizima. Na niliyemsikia ni mimi.

Kwetu, siku ya kurekodi, wanaume wenye kifua, wenye sauti nene, walisimama karibu na redio ya kurekodia, wanawake nyuma, upande wa mlango. Ndiyo ilikuwa desturi, hakuna aliyeuliza. Mimi nilikuwa mbele kabisa. Kila nikiipandisha kwaya, nilikuwa najipandisha mwenyewe.

"Huyu mwanaume ya kunguruma ni nani?" mwalimu akauliza. "Anafunika watu!"

"Ni mimi."

Akacheka, kisha akaniangalia usoni, akaacha. "Hiyo kitufe inainua wote pamoja, muzee. Mtu mmoja hapana. Jaribu kupunguza besi."

Nikapunguza besi mpaka mwisho. Nikazama mimi, sauti ambayo watu walinisifia maisha yangu yote. Wanawake wakatokea, wembamba, na mvumo wa kaseti juu yao kama mvua kwenye mabati.

Nikarudi Nakivale. Alasiri moja kabla ya arusi nikamwita binti yangu, nikampigia wimbo wa kwaya. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Papa, sauti ya mama njo gani mule ndani?"

Nikaurudisha. Nikavaa hedifoni, nikafumba macho. Wanawake walikuwa wengi, na wote waliimba kitu kimoja. Hata nyumbani, tukiomba jioni, wimbo niliuanzisha mimi kwa nguvu, naye alinifuata chinichini. Sikuwahi kunyamaza nimsikilize.

"Papa?"

"Sijui, mwanangu."

Hakulia. Alinivua hedifoni, akazivaa yeye. "Rudisha tena. Tumutafute."

Tulimtafuta mpaka chakula kikapoa. Hatukumpata. Aliingia arusini kwa sauti za wale wanawake wote.