Kijiji cha Mtu Mmoja

Saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, Jumamosi moja ya Februari mwaka 2015, simu ililia jikoni kwangu Louisville. Alikuwa dada yangu mdogo, anayeishi Columbus pamoja na mama yetu.

"Kaka, umeamka?"

"Nimeamka. Mama ana nini?"

"Mama mzima. Amekaa hapa ananitazama. Anasema sasa inatosha. Anataka tumlilie kaka mkubwa, tuondoe matanga, yaishe."

Nilimwomba asubiri. Nilizima jiko, nikakaa, nikamwambia kwamba kaka mkubwa huenda hajafa, na kwamba nilikuwa na sababu ya kusema hivyo. Dada alivuta pumzi.

"Ni ile Urusi yako tena?"

Ndiyo, ilikuwa ile Urusi yangu. Kaka yetu wa kwanza alitoka Burundi kwenda kusomea kilimo huko wakati Urusi ingali na jina lake la zamani. Sisi tulipokimbilia Tanzania, yeye alikuwa bado chuoni. Tulikaa kambini miaka mingi, kisha tukaletwa Marekani, na katika muda huo wote habari zake zilitufikia mara moja tu, kutoka kwa mtu aliyesoma naye, ambaye sasa anaishi Buffalo. Huyo alitueleza kwa simu kwamba kaka alipata kazi ya bwana shamba kwenye shamba la serikali, akaoa huko huko. Alitutajia wilaya na kijiji. Zaidi ya hapo hakujua, maana shamba lilikuwa limevunjika na watu walikuwa wametawanyika.

Sikupata elimu ya juu. Nilichonacho ni subira. Mwaka mmoja kabla ya simu ile nilianza kwenda maktaba karibu na kwetu Beechmont kila siku nisiyokuwa kazini, kuisoma wilaya hiyo. Nilijifunza kwanza herufi za Kirusi kwa kulinganisha majina ya miji mikubwa kwenye ramani mbili. Kisha nikachora wilaya yenyewe: mto unaoikata kutoka kaskazini, vinamasi upande wa mashariki, reli inayopita pembeni bila kuingia ndani, na misitu iliyofunika sehemu iliyobaki. Ukubwa wake ungemeza mikoa kadhaa ya Burundi. Watu wake wote wangeingia katika kambi yetu ya zamani na nafasi ingebaki. Zaidi ya nusu yao wanaishi katika mji mmoja mdogo, makao makuu ya wilaya. Waliosalia wamegawanywa katika vijiji vingi mno, na hapo ndipo akili yangu ilipoanza kuvurugika.

Vijiji vingi katika jedwali la sensa la serikali ya huko vilikuwa na sifuri. Jina la kijiji, kata yake, kisha idadi ya watu: sifuri. Nilidhani nimekosea safu. Nikarudia. Kwetu kambini, watu walipoondoka kwenye kijiji kimojawapo cha kambi, kijiji kilifutwa, mabati yakachukuliwa, nguzo zikang'olewa. Na kambi yenyewe, tulivyokuwa wengi vile, haikuonekana kwenye ramani yoyote niliyowahi kununua. Kule Urusi, mahali pasipo na mtu hata mmoja palikuwa na jina, kata na nukta kwenye ramani. Nilikaa na jambo hilo wiki kadhaa bila kulielewa, na sijalielewa hadi leo.

Kijiji cha kaka hakikuwa na sifuri. Kilikuwa na moja.

Nieleze kwa nini ile moja ilinishika vile. Kambini, kuhesabiwa kulikuwa kazi ya mwili. Siku ya hesabu ulisimama mbele ya meza, ukatazamwa usoni, kidole kikachovywa wino. Mgonjwa alibebwa kwenye machela ili aonekane. Asiyefika alikatwa kwenye orodha, na chakula chake kikakatwa naye. Kwa hiyo mtu wa kambini akisoma kwamba kijiji kina mtu mmoja, anamwona mtu huyo amesimama mbele ya meza. Mimi nilimwona kaka, amevaa koti zito, anaonyesha kidole.

Kazini nilikuwa nimelisema jambo hili mara moja, kwa bahati mbaya. Tulifanya kazi ghalani na Wakongo wengi kutoka Kivu, na tangu siku hiyo waliniita Mrusi.

"Bon, Mrusi," mmoja wao aliniambia kwa Kiswahili chao kilichochanganyika na Kifaransa, tukipanga maboksi, "ile kijiji yako iko na batu ngapi leo?"

"Mmoja."

"Moya! Donc hajaoa?" Wenzake wakacheka. "Na huyu moya akikufa, nani atamuzika?"

Nilicheka pamoja nao. Baadaye swali lake lilinirudia njiani, ndani ya basi, na sikulipenda.

Basi, asubuhi ile ya Jumamosi nilimpigia msimamizi wangu, nikaomba siku nne, nikaendesha gari hadi Columbus. Mama alikuwa kitandani amevaa sweta mbili, mguu mmoja umevimba. Hakunipa nafasi ya kufungua karatasi zangu.

"Mwanangu, nimechoka kuomba nisichojua. Nikimtaja kwenye sala, sijui niseme alindwe au apumzike. Nikifa kabla ya kujua, nitamkuta huko au sitamkuta? Nyinyi mtaendelea kutokujua, mna nguvu. Mimi sina."

"Mama, kuna mtu mmoja anahesabiwa pale kijijini kwake."

Dada alisimama mlangoni na beseni la maji ya moto.

"Mmoja tu?" mama akauliza.

"Mmoja."

"Na ni yeye?"

"Sijui."

"Mwaka mzima unasoma na hujui?" dada akasema. "Kaka, samahani, lakini binti yangu anamaliza kazi za shule haraka kuliko hivyo."

Mama alimnyamazisha kwa mkono. Aliniuliza kama yule wa Buffalo aliyesoma na kaka bado anajua lugha ya huko. Nikasema ndiyo, na kwamba nimepata namba ya ofisi ya kata yenyewe, ningeweza kumpa kwa simu, apige, atujibu. Mama akakataa. Kwa desturi yetu habari ya mtu ambaye huenda amekufa haiulizwi kwa simu. Anayeuliza huenda mwenyewe, akaketi mbele ya anayejua, wakatazamana.

"Nenda ukakae naye. Akisema amekufa, tunalia Jumamosi ijayo. Akisema mzima, nitajua la kufanya."

Jumapili baada ya ibada nikashika njia ya Buffalo. Theluji ilianza kabla sijafika, na nilipoingia mitaa ya Bailey ilikuwa imefunika magari yaliyoegeshwa hadi kwenye vioo. Mwenyeji wangu alinisubiri nje na sepetu, akinisafishia mahali pa kuegesha. Alikuwa mzee kidogo kuliko nilivyomfikiria, mwenye kicheko kikubwa, mfanyakazi wa kiwanda aliyewahi kupata shahada ya kilimo cha nchi za baridi.

"Karibu, bwana mdogo. Sura ni ile ile. Umefupishwa tu."

Tulikula, tukaongea mambo mengine, kama inavyotakiwa. Baada ya chai nikatandika ramani zangu mezani. Alizitazama kwa muda mrefu, akifuata mto kwa kidole.

"Umesoma wilaya nzima," alisema, "na nina hakika hujui kuomba maji ya kunywa."

"Sijui."

"Mimi najua kuomba maji, lakini hiki kinamasi sikuwahi kujua kina jina." Akasogeza kiti. "Sasa nisikilize. Hii moja yako isikupe matumaini wala isikukatishe tamaa. Kule mtu ana mahali alipoandikishwa na mahali anapolala, na mara nyingi si mahali pamoja. Sifuri yako inaweza kuwa na familia tano zinazokuja kupanda viazi majira ya joto. Na moja yako inaweza kuwa bibi aliyehamia kwa mtoto wake mjini zamani."

"Lakini walimhesabu."

"Walihesabu."

"Walimhesabu bila kumwona?"

Alinitazama kama mtu anayetaka kucheka akajizuia. Usiku ule sikupata usingizi mzuri. Nilikuwa nimejenga jambo langu lote juu ya kidole chenye wino, na sasa ilionekana kule hawakuwa na meza.

Jumatatu saa mbili asubuhi, ambayo kule ilikuwa saa kumi jioni, alipiga ile namba. Aliweka simu mezani ili nisikie, ingawa sikuelewa. Mwanamke alipokea. Mwenyeji alianza polepole, akikosea, akirudia, na yule mama wa ofisi ya kata alikuwa na haraka. Kisha mwenyeji alisema neno moja na upande wa pili ukalipuka kwa kicheko.

"Nimemwambia tunamtafuta Mwafrika," alinigeukia. "Anasema kama kungekuwa na Mwafrika kwenye kata yake leo, ng'ombe wake wangekuwa wanajua."

Nilimwonyesha kwa ishara aendelee, ataje shamba. Akataja shamba, akataja kazi ya bwana shamba. Yule mama akaacha kucheka. Aliongea mfululizo kwa muda. Mwenyeji aliacha kutafsiri, akawa anaitikia tu, uso ukibadilika, mpaka nikamshika mkono.

"Subiri," aliniambia. "Anamkumbuka. Kaka yako alimfundisha baba wa huyu mama kupandikiza miche ya tufaha. Aliishi kijiji kile, nyumba ya mwisho kabla ya msitu. Shamba lilipofungwa watu waliondoka mmoja mmoja, na yeye akabaki na mkewe. Mkewe akafariki. Kisha majira fulani ya kuchipua akafunga nyumba, akasema anakwenda kaskazini kutafuta kazi."

"Lini?"

Akauliza. Yule mama hakukumbuka vizuri. Miaka minne, pengine mitano.

"Na yule mmoja?" nikauliza. "Yule anayehesabiwa ni nani?"

Mwenyeji akauliza, akasikiliza, akafumba macho.

"Ni yeye. Hakuna aliyemfuta. Ameandikishwa pale mpaka leo."

Yule mama aliongeza mambo ambayo mwenyeji alinitafsiria baadaye tukiwa bado mezani. Gari la duka lililokuwa linapeleka mkate Alhamisi liliacha kwenda, kwa sababu hakuna mnunuzi. Lakini umeme hawakuukata, na taa moja ya barabarani bado inawaka pale, kwa sababu kijiji kina mkazi. Kibao cha jina walikipaka rangi upya. Theluji hawaiondoi.

Kwa hiyo nilikuwa na jibu, na sikujua ni jibu la nini. Nilikuwa sahihi: mtu mmoja wa kijiji kile alikuwa kaka yangu. Nilikuwa nimekosea: hakuwa pale. Taa iliwaka kwa ajili yake na hakuwa chini yake. Mwenyeji alinimiminia chai nyingine.

"Utamwambia nini mama?" akaniuliza.

"Ulivyosema wewe."

"Mimi sikusema mzima, wala sikusema amekufa. Usinitwishe."

Nilirudi Columbus siku hiyo hiyo. Barabara ilikuwa mbaya hadi nilipotoka jimbo la New York. Nilipanga maneno yangu njiani, nikayapangua, nikayapanga tena. Nilitaka kumwambia mama ukweli kwa mpangilio: kwanza nyumba, kisha mke, kisha safari ya kaskazini, na mwisho kwamba kuandikishwa kule hakumaanishi uhai. Hilo la mwisho nililiona kuwa muhimu kuliko yote.

Mama alisikiliza ameketi, mikono mapajani. Nilipofika kwa mkewe aliyefariki alisema, "Pole yake," akatikisa kichwa, akaomba kujua kama walikuwa na watoto. Sikuwa nimeuliza. Nilipofika kwenye kuandikishwa, alinikatiza.

"Serikali ya huko bado inamhesabu?"

"Inamhesabu, mama, lakini ngoja..."

"Hakuna aliyemkata?"

"Hakuna. Lakini kule hawahesabu kama kambini. Hawamwoni mtu. Ni jina tu, wanalibeba mwaka hadi mwaka."

"Taa wanamwashia?"

"Wanawasha."

"Basi sitamlilia mtu ambaye wageni wanamwashia taa. Mimi mama yake nimfute, wao wamwache? Hapana."

Nilijaribu tena. Nilichukua karatasi, nikamwonyesha safu ya majina na safu ya namba, nikaeleza tofauti ya mahali pa kuandikishwa na mahali pa kulala, kama nilivyofundishwa Buffalo. Aliitazama ile moja kwa muda, akaigusa kwa ukucha, akaniuliza kama inaweza kuchapwa kwa herufi kubwa kidogo. Sikujua kama amenielewa vibaya au kama amenielewa kuliko nilivyojielewa mwenyewe. Jioni ile nilimsikia akisali. Alimtaja, na akaomba alindwe.

Dada alinifuata jikoni, akafunga mlango.

"Kwa hiyo hakuna matanga?"

"Hakuna."

"Na yu hai?"

"Sijui."

"Kaka, nimeshawaambia watu wa kanisani. Wengine wanatoka Indiana." Akajishika kichwa, akaanza kucheka, kisha akalia kidogo, kisha akacheka tena. "Nitawaambia nini? Kwamba amehesabiwa?"

"Waambie tumesogeza mbele."

"Mpaka lini?"

Nilifikiria jedwali, ambalo hutolewa upya baada ya miaka kadhaa, lakini sikulitaja. Dada alipiga simu palepale kwa mwenye ukumbi aliokuwa ameukodi kwa matanga ya Jumamosi ijayo. Nilisikia upande wake tu: ndiyo, tumeahirisha, hapana, hakuna aliyefariki, ndiyo, najua nilitia saini. Alikata simu, akaweka kifuniko kwenye sufuria, akanitajia malipo ya awali ambayo hayatarudishwa: dola mia mbili na hamsini.