Kiatu cha Mwanamke wa Sita

Mume wangu ni fundi viatu, na mtaa mzima humwita Kiatu Kimoja. Jina hilo kajitafutia mwenyewe. Kwa miaka thelathini na sita, juu ya benchi lake kulikuwa na msumari, na kwenye msumari kiatu cha kike cha mguu wa kushoto, cha kijani, chenye bizimu.

"Fundi, hicho unamwekea nani? Jini wa mguu mmoja?" wateja humtania.

"Mwenyewe hajaja," hujibu, misumari imemjaa mdomoni, jambo ambalo nimemkataza tangu tuoane. Mimi kiatu hicho nilikitupa mara mbili. Mara zote mbili alikwenda jaani akakirudisha, nami nikaona wivu, sifichi.

Majina ya watu hayakai kichwani mwake. Wateja huwajua kwa miguu: yule anayelemea kisigino, yule wa kidole kikubwa. Kwa hiyo huandika kwa penseli, ndani ya kiatu, siku na saa mwenyewe atakapokuja kukichukua.

Mwezi uliopita, asubuhi, redio ilimhoji mpelelezi mstaafu kuhusu yule muuaji wa wanawake sita, aliyefia gerezani. Aliwahadaa kwa ahadi ya kazi wakamfuata. Watano aliwakiri, wa sita alimkana mpaka kufa. Mpelelezi akatoa siri waliyoificha wakati ule: muuaji alikuwa akichukua kiatu cha kushoto. Huyo wa sita aliokotwa kwenye mfereji wa maji ya mvua, hana alama ya kunyongwa shingoni waliyokuwa nayo wenzake, ila mguu wa kulia ulikuwa na kiatu cha kijani chenye bizimu na wa kushoto ulikuwa mtupu. Basi wakamhesabu na wale watano.

Mume wangu alitema misumari yote.

"Mama watoto, kile kiatu hakukichukua mtu. Ninacho mimi."

Ndipo akanisimulia. Alhamisi moja, ufundi wenyewe ndio kwanza anauanza, alikuja mwanamke mwenye haraka, ukanda umekatika, mvua inanyesha. Mume wangu akabaki na kiatu, akamwazima ndala yake ya kushoto. Mwanamke akashika njia ya mkato, kandokando ya mfereji. Fundi alishona ukanda siku ileile, akangoja.

"Ndala yangu ilikuwa kubwa," akasema, akilia. "Labda ilimtelezesha mferejini. Labda nilimuua mimi."

"Ungemwacha aende peku?" nikamfokea. Nikimpenda sana mtu humfokea. Siku hiyo hakula.

Alipiga simu redioni, nao wakamtafuta binti wa marehemu. Mpelelezi akaahidi kuandika barua jalada lifunguliwe. Kama watamwondoa mama yule kwenye orodha sijui, ofisi ni ofisi.

Binti alikuja Jumamosi. Ni muuguzi, umri wake arobaini na tatu, na mkononi alishika mfuko wenye kiatu cha kulia ambacho polisi waliirudishia familia. Alitupa shikamoo, tukaitikia. Kiti nilimpa, hakukaa.

"Mzee, sikuja kuuliza nani alimuua," akasema. "Nimekuja kuuliza kama alinisahau. Siku ile nilimngoja getini shuleni mpaka mlinzi akafunga. Shangazi aliyenilea, kila akikasirika, aliniambia mama yangu alimfuata mwanamume akaacha mtoto."

Nikauliza huyo shangazi anakaa wapi, nina maneno yake mawili matatu. Kumbe amekufa. Amepona.

Mume wangu akakishusha kiatu, akafungua bizimu, akafuta vumbi ndani kwa kidole gumba. Akampa miwani yake pia, maana penseli ilikuwa imefifia. Binti akasoma kwa sauti: "Alhamisi, saa kumi. Na mtoto."

Akainua uso. "Na mtoto?"

"Wewe. Alisema anawahi kukuchukua shule saa tisa, kisha akulete hapa nikupime mguu. Vile vya zamani vilikuwa vinakubana, na wewe husemi."

"Vilikuwa vinanibana," akasema, na sauti ilikuwa ya mtoto wa miaka saba. "Sikumwambia mtu. Alijuaje?"

Hapo ndipo alipokaa. Nilimkumbatia akalia, nami nikalia, na kile kiatu nilichokionea wivu kikawa katikati yetu kinatuchoma kwa bizimu lake.

Mume wangu alingoja tunyamaze. Kisha akatandika karatasi sakafuni, akachonga penseli, akapiga magoti taratibu, na magoti yake hayo tunayajua.

"Vua viatu, mwanangu," akasema. "Umechelewa kidogo tu. Lete mguu nikupime."