Sato wa watu wawili

Jamani, usimwambie mtu "tuta-catch up" kama huna mpango wa kufika kwake.

Rafiki yangu niliyesoma naye alikuja Mwanza kwenye msiba. Jana akanitumia ujumbe: "Kesho lazima tu-catch up!"

Mimi nimekulia Kisesa. Kwetu mgeni akisema kesho, unapika.

Asubuhi nikaenda mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, nikachagua sato mkubwa. Nikasonga ugali wa watu wawili.

Hakutokea.

Mchana nikampigia.

"Niko uwanja wa ndege shosti, ndio naondoka. Ila siku moja tuta-catch up!"

Hapa Ilemela ndege zinapita juu ya bati langu. Ya kwake ilipopita, nilitoka nje nikaipungia mkono. Majirani wameniona, wacheke tu.

Sato bado sijamgusa. Aliye karibu aje. Usiniandikie kwamba unakuja, we piga hodi tu.