Vidole vya wifi juu ya mashavu yangu

Shosti zangu, na nyie makaka mnaosomaga kimya kimya bila kukomenti, habari za saa hizi. Wakubwa shikamooni. Admin nifichie jina, Bagamoyo ndogo hii.

Nina miaka ishirini na nne, naishi na mama pande za Mapinga, kazi yangu napamba maharusi. Sijasomea popote, nilijifunzia kwenye simu, na nilianza kwa kujipaka mwenyewe. Sekondari nilikuwa na chunusi hatari na mikono yangu haitulii, nilizitumbua weee, zikaisha zikaniachia mashimo mashavu yote mawili. Sio madoa, mashimo. Nina namna yangu ya kugonga gonga na sponji mpaka yanalingana na ngozi, huwezi kujua. Watu wananisifia mkono mwepesi, hawajui nimejifunzia wapi.

Mchumba wangu anatokea Kaole, fundi wa madirisha ya alumini. Miaka miwili hajawahi kuniona uso mtupu. Akisema anakuja, mie niko kwenye kioo. Akipiga simu ya video ghafla, mtandao unasumbua. Kuna siku tuko tunakunywa supu ya pweza, akapita dada mmoja ana uso kama wangu wa ndani, mwenzangu akasema, "Huyu kalalia kokoto nini?" Nikacheka. Nikacheka kabisa, halafu nikaenda chooni kuangalia kama poda imekaa.

Sasa ndoa ni wiki tano zijazo. Pwani mnajua, mwali anawekwa ndani siku saba, hapakwi hata wanja, anasingwa, anasuguliwa ngozi kwa liwa na manukato. Na kwao mchumba wangu anayesinga sio somo, yule kungwi wa mwali, peke yake, mawifi wanakuja kumsinga mwali wao kwa mikono yao, mwili mzima mpaka usoni. Macho naweza kuyadanganya, nazima hata taa. Vidole vya wifi juu ya shavu langu nitavidanganyaje?

Hapo akili ikaruka. Nikapaka limao na asali, nikapaka liwa, nikalala na aloe vera usoni kama maiti, wapi. Nikaenda kwa dada mmoja wa saluni, kanishika kidevu kanigeuza huku na huku, kasema, "Hayo mbona madogo, siku saba tu, unababuka unatoka kama mtoto." Akatoa kachupa ka dawa, hakana hata karatasi ya maelezo. Nikamwambia jaribisha kidogo hapa kwenye taya. Iliwaka kama nimegusa pasi. Siku ya nne ngozi ikabanduka, chini kukabaki doa jeusi, na shimo lipo pale pale.

Nikakimbilia Dar kwa daktari wa ngozi. Kaniangalia uso mtupu bila kushtuka, nusu nilie. Kasema mashimo yangu yanatibika kwa vifaa vyenye sindano ndogo ndogo, unachomwa, unapumzika mwezi, unarudi, mara kadhaa, na yatapungua tu, hayaishi yote. Lakini kwanza doa lipone, na kitu chochote cha kusugua uso marufuku. Nikamuuliza, "Dokta, wiki tano?" Akasema, "Dada, wiki tano hutapata uso mwingine. Na ile dawa ukiipaka uso mzima, utanirudia hapa unalia."

Nikarudi kwa dada wa saluni kumlalamikia, unajua kaniambia nini? "Doa limetokea kwa sababu ulipaka kidogo. Ukipaka uso wote unalingana." Na mimi mjinga, nimekaa siku tatu nalifikiria hilo neno kama lina akili.

Mama nimemweleza. Kasema, "Mwambie mwenzio. Au tuahirishe, tuseme bibi yako anaumwa." Bibi mwenyewe yuko Ubena mzima wa afya, analima mihogo.

Ningeendelea kuzunguka hivi hivi, ila jana wifi yangu mdogo, ana miaka kumi na tisa, kanirekodia sauti. Huyu ana chunusi mbichi na ananipenda kufa. Kila siku, "Wifi, unatumia nini?" na mimi kila siku, "Maji mengi na kulala mapema." Kumbe aliniona natoka saluni. Akaenda kuuliza, akaambiwa wifi yako ni mteja wangu. Basi Jumamosi anaenda kupakwa uso mzima, ili siku ya harusi tufanane.

Nikampigia hapo hapo. "Usiende, ile dawa inaunguza."

"Imekuunguza wapi wewe? Ngozi kama yai."

"Niamini tu, mdogo wangu."

"Aa wifi, kumbe una roho hiyo? Unataka upendeze peke yako."

Nikamwambia nina mteja, nikakata.

Leo Alhamisi. Kesho anakuja hapa nyumbani kujaribu sare yake. Neno langu haliamini, kitakachomzuia ni kuuona uso wangu na lile doa. Na huyu mtoto siri haimkai, nikifuta poda mbele yake, kaka yake atajua kabla ya magharibi, na mama mkwe, na Kaole yote.

Halafu kuna kitu naona aibu kukiandika ila ndo ukweli. Nusu ya moyo wangu inasema muache aende. Akitoka vizuri na mimi nitapaka, akiungua nitakuwa nimejua. Nimeamka na hilo wazo na bado halijatoka, na huyo mtoto ndiye atakayekuja kunisinga.

Naombeni msinitukane. Kesho mtoto wa watu yuko mbele yako, ana uso wake mzima, anakuangalia wewe kama mfano. Ungekuwa wewe, ungejifuta?