Damari na ufunguo wa mzani Nduguti

Saa mbili asubuhi, Damari Peniel (27) ameinamia kompyuta ya kiwanda kidogo cha kukamua alizeti mjini Nduguti. Nje, wakulima kumi na wanne wamekalia magunia yao. Mzani unasoma sifuri.

"Dada, mashine yako imegoma au imetuchoka?" anauliza Miraji, aliyetoka kwake na mkokoteni tangu alfajiri.

Damari ana haya, anatabasamu tu. Lakini programu ya mzani ameitengeneza mwenyewe, na viwanda viwili vya Kiomboi vimeahidi kuichukua ikimaliza msimu salama.

Aliishia darasa la sita. Kompyuta alijifunzia kwenye duka la kuchapa barua, alikoanza kwa kufagia. "Nilinakili programu za watu kwa kalamu, madaftari saba," anasema.

Kompyuta ina rejista, mahali programu zinapotunza mipangilio yake chini ya majina yaitwayo funguo. Ufunguo wa Damari hukumbuka mzani umechomekwa wapi.

Upo, ila ameuweka upande wa mtumiaji mmoja: Mzee Urbano, mwenye kiwanda. Leo mzee yuko msibani Mgori, na binti yake Jenifa amefungua kompyuta kwa jina lake mwenyewe. Upande wake hakuna kitu.

"Kosa ni langu," Damari anawaambia wakulima. "Niliandika kama vile mzee anafanya kazi peke yake."

Ufunguo lazima uhamie upande wa mashine nzima, na ruhusa anayo mzee. Damari anampigia simu.

"Shikamoo mzee. Naomba neno lako la siri."

"Marahaba. Hapa kuna watu, mwanangu." Anashusha sauti. "Ni jina la lile dume langu la kulimia. Jenifa analijua."

"Mwaka mzima ananificha neno la siri, kumbe ni jina la ng'ombe ninayemswaga mimi," Jenifa anacheka.

Kabla ya kugusa chochote, Damari ananakili ufunguo wa zamani daftarini, herufi kwa herufi. Umeme uliwahi kumkatikia katikati ya kazi kama hii. Kisha anabadili mistari miwili ya programu ili ufunguo ukae upande wa mashine nzima, na kuongeza wa tatu: ufunguo ukikosekana, programu iseme, isionyeshe sifuri.

Gunia la Miraji linapanda. Kilo 63.

"Basi haijatuchoka," anasema Miraji.

Wiki ijayo Damari atakwenda Kiomboi. "Nitaanza kuwaeleza kosa la leo, ndipo niwaonyeshe kazi," anasema.

Hadi jana programu yake haikutaja aliyeitengeneza, aliona aibu. Foleni inapokwisha, anaongeza ufunguo mmoja upande wa mashine nzima, ambako kila atakayeifungua ataukuta: Mtengenezaji. Mbele yake anaandika Damari Peniel, Nduguti.